Wezi wa Kijerumani Walivyonikimbiza Rugenge

Leo haya imenikamata, wandugu. Tena mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima wa Rugenge.

Mnajua Mama alikimbilia Burundi vita ilipotufikia. Nimembembeleza kwa simu mpaka ulimi ukachoka: "Mama, rudi, Uvira imetulia. Miye mwanao niko hapa, siendi popote." Jana karudi. Mkoba wake hakuufungua. Aliuweka kando ya mlango, akasema, "Kwanza nitazame."

Basi leo nikataka nyumba ichangamke, aone kweli tumetulia. Rafiki alinipa flashi yenye filme ya televisheni ya Wajerumani, ya wezi wa mabanki, wanasema ni kisa cha kweli. Nikaita majirani. Nikaazima na bafle, spika kubwa ya kwaya (Mungu anisamehe) ili hata wa nyuma wasikie. Mama akasema wezi hawamhusu, akaenda uani kutwanga majani ya sombe kwenye kinu.

Lakini wale Wajerumani, jamani! Wanaongea! Kikao juu ya kikao, mtu anapanga wizi kama anapanga harusi. Joto likanizidi, nikatoka kwenda kuoga kule nyuma. Nimejipaka sabuni kichwa kizima, macho nimefumba, ndipo: Pa! Pa-pa-pa!

Nilisahau Ujerumani. Nilisahau filme (niliyoiweka mwenyewe!). Mwili wa mtu wa huku hauulizi masasi yanatoka wapi. Nikachomoka na taulo, povu machoni: "Wamefika! Wamefika! Kimbieni!"

Majirani ndani wakawaza: kama mwenye filme anakimbia, basi hii si filme tena. Mlango ukawa mdogo. Mtaa ukatuona tunateremka ziwani, nao ukatufuata. Watu na magodoro, watu na masufuria. Miye mbele yao wote, nimeshikilia taulo.

Tulipofika ufukoni, simu ya jirani yangu Mama Neema ikalia. Ni mume wake, mzee wa masikio mazito, aliyebaki kwenye kiti.

"Muko wapi nyote? Polisi wamezunguka banki! Filme iko tamu sana!"

Macho yote kwangu.

"Ni... ni ile filme," nikasema.

Mama Neema akashusha godoro kichwani. "Weye!" Wengine walicheka mpaka wakakaa mchangani. Nami nikacheka kwa kujikaza, huku namtafuta Mama katika lile kundi. Hayupo.

Kumbe alichukua mkoba wake pale mlangoni, akapanda pikipiki ya kwanza. Nilipompata kwa simu ya Mama Neema alikuwa Kavimvira, mpakani.

"Mama, rudi! Ilikuwa filme! Wezi wa Ujerumani!"

"Najua ilikuwa filme."

"Unajua? Sasa unakimbia nini?"

"Mwanangu, masasi nilijua ni ya wezi wako, nikaendelea kutwanga. Lakini weye umenipita pale kwenye kinu, hata mkono hukunishika."

Nilibaki nimesimama na taulo langu, sabuni inanikaukia masikioni.

Amekwisha kuvuka. Mwenye kicheko akichekee kwao, tafadhali, asinipigie. Leo simu hii naiachia Mama.