Tawi Langu Limechanua Mapema

Jumatatu, 4 Desemba

Krrrp. Mpaka leo naisikia. Kisu cha Kryštof, kijana wa maktaba, kikipasua kurasa zilizoshikana za riwaya kuukuu, kitabu ambacho tangu enzi za mababu hakuna aliyejisumbua kukifungua. Tangu alasiri ile sisomi kingine ila riwaya za enzi zile. Nimejua walivyooka mkate, walivyofua mtoni, walivyopenda. Hasa walivyopenda. Msichana hasemi kamwe! Huinamisha macho, hungoja, kijana hutambua mwenyewe.

Kryštof anahamia Vienna baada ya Krismasi. Atambue upesi.

Leo ni siku ya Mtakatifu Barbora. Nimekata tawi la mti wa cheri, nimelitia majini, kama ilivyo desturi. Likiwa na maua mkesha wa Krismasi, nitaolewa ndani ya mwaka. Nimeliweka juu ya kipasha joto. Kulisaidia kidogo si dhambi.

Jumapili, 10 Desemba

Katika riwaya zote, vijana hukutana pale wanawake wanapochambua manyoya ya bata bukini. Bibi Apolena ana magunia mawili darini. Nikamwomba. Akashangaa: wee mtoto, mito si inauzwa dukani? Nikasema ni masomo. Haya, akasema, tutashona mfarishi wa harusi yako, kama yupo wa kukuoa na pua yako imezama vitabuni.

Nikamwalika Kryštof. Zdislava wa duka la maua akajialika. Hajasoma riwaya hata moja!

Maafa. Kryštof kafungua mlango, upepo ukaingia naye. Manyoya yote hewani! Bibi akafoka: funga mlango, ng'ombe wewe! Kryštof akacheka: nisamehe Bibi, ng'ombe angebisha hodi kwanza. Unyoya mmoja ukatua kwenye nyusi zake. Niliutamani ule unyoya. Nikainamisha macho, kama inavyopasa. Kuyainua, Zdislava kashautoa kwa kidole.

Baadaye Bibi akaniuliza kama shingo inaniuma. Akasema yeye alimwambia babu waziwazi: Bohumile, unanioa au nitafute mwingine? Nikamweleza kwamba hiyo haimo vitabuni.

Ijumaa, 15 Desemba

Limechanua! Maua meupe, mepesi. Lakini mapema mno. Nimelihamishia dirishani kwenye baridi. Vumilieni, maua yangu!

Jumatano, 20 Desemba

Yote yako sakafuni. Nimebaki na kijiti.

Zdislava alimwalika Kryštof kahawa. Bila haya! Leo kanisimamisha njiani kunisimulia. Alimuuliza kama anampenda, akajibiwa moyo wake uko kwingine. Akamwambia basi, kahawa ilikuwa nzuri. Kisha akanitazama kama mtu anayemtazama kipofu. Akasema: we Vendula, we! Sijui alikuwa na maana gani.

Jumapili, 24 Desemba

Kryštof alikuja kuaga. Akasimama ukumbini, kofia mkononi, muda mrefu. Akasema kama kungekuwa na mtu wa kumwomba abaki, pengine angebaki. Nikatazama sakafu. Sasa naujua kila ufa wake. Bibi alikohoa jikoni. Akakohoa tena. Kryštof akavaa kofia, akaenda.

Bibi akatoka na mwiko: Vendula, ulimi umeupeleka wapi?

Baada ya chakula nikatupa kiatu nyuma ya bega, desturi ya usiku huu. Ncha ikielekea mlangoni, msichana ataihama nyumba. Ikaelekea mlangoni! Nimelia kidogo. Nyumba ilinukia vanila, na nilitamani sana kumsikia akipasua ukurasa.

Jumatano, 27 Desemba

Naandika ndani ya treni ya Vienna. Mji wa Brno tumeshaupita. Tiketi nimekata ya kwenda tu.

Bibi alinifungia keki, akanibusu, akacheka na kulia, akidhani hatimaye nakwenda kusema. Maskini Bibi! Mimi nimeliona kosa langu. Ukumbini hapakufaa. Katika riwaya zote msichana husimama chini ya dirisha. Basi nitasimama chini ya lake, kwenye theluji, na kijiti changu mkononi. Nitainamisha macho.

Safari hii lazima atambue.