Ukurasa wa Mwisho wa Marehemu

Jumatatu, 3 Machi
Muswada umefika maktabani! Tamthilia ya mwisho ya marehemu, mtunzi mkubwa kuliko wote, kwa mwandiko wake mwenyewe. Haijachapishwa wala kuigizwa. Hata mjane wake hajaisoma, marehemu aliificha. Na mkuu wetu amemkabidhi nani? Miwani! Eti mimi sishiki kitu kikapona. Miwani, karani mwenzangu, mtu anayebisha hodi hata kwenye makabati! Ijumaa mjane anakuja kuuzindua, na Miwani ndiye atakayesimama ubavuni mwake. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: ukurasa wa mwisho upotee kidogo, kisha niuone mimi. Shujaa! Miwani alipokwenda kula nikauchomoa, nikausukumia chini ya zulia la chumba cha kusomea. Kazi safi.

Jumatano, 5 Machi
Mafundi wameondoa zulia! Hakuna aliyeniambia. Sakafu tupu, inang'aa kama upara. Nikawauliza kama wameona karatasi. Wakauliza karatasi gani. Nikasema basi, yaishe. Miwani hajasema neno. Mbona hasemi?

Alhamisi, 6 Machi
Nimeuandika mwenyewe. Ningefanyaje? Maji yameshamwagika. Nilikuwa nimesoma mistari ya juu tu: baba yuko mlangoni, binti aliyetoroka na mpiga tarumbeta amerudi. Mwandiko nimeuiga vizuri, ila herufi zangu zinachechemea. Nikamfanya baba afungue mlango, aseme, "Ingia mwanangu, chakula kinapoa." Nikatokwa na machozi mwenyewe. Nimeupachika mahali pake.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Mjane kausoma kwa sauti mbele ya wageni. Kufika mlangoni, akaishusha karatasi. Kumbe binti yupo kweli! Marehemu alimfukuza, naye mama hakuthubutu kumwita hata baada ya mazishi. "Kumbe alimsamehe," akasema, akaomba simu, akampigia palepale. Ukumbi mzima unafuta machozi. Mimi nafuta jasho.

Miwani akaninong'oneza: ukurasa halisi anao yeye. Siku ile alirudi mapema, akaniona nikiuficha, akautoa kabla ya mafundi, akangoja nikiri mwenyewe. Na humo baba anafunga mlango. Nikamwomba tufunike kombe mwanaharamu apite. Akakataa: mimi mwenyewe nimwambie mjane, la sivyo atamwambia yeye.

Nilimwambia. Mjane akausoma ule wa kweli, akaurudia mara ya pili, mpaka nikatamani anizabe kofi. Kisha akasema, "Mume wangu alikuwa mkaidi. Lakini mwanangu yuko njiani, na sasa mlango ni wangu." Akanitazama. Akasema huu wangu una makosa ya lugha, ila una moyo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimehamishiwa stoo, kupangusa vumbi. Msimamizi wangu: Miwani! Mke wangu kaniuliza kama nimekoma. Nimemwambia nimekoma kabisa.

Lakini ukurasa wangu una moyo! Kasema nani? Mjane wa mtunzi mkubwa kuliko wote! Nimewaza. Mtu wa kiwango kile hawezi kuficha tamthilia moja tu. Na huku stoo kuna masanduku ambayo hayajafunguliwa tangu enzi na enzi. Ya pili itapatikana humu. Nasikia tu inaniita.

Kalamu tayari imefika onyesho la tatu.