Nyumba ya Kioo ya Taratibu

Jumatatu, 4 Machi

Nimechaguliwa! Mama mkwe anakwenda siku kumi kwa bintiye wa mwisho aliyejifungua, na kinyonga wake kaletwa kwangu. Si kwa mwanyumba wangu, yule muuguzi aliyemwoa dada wa mke wangu, anayesoma hata maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi. Kwangu.

Kinyonga anaitwa Taratibu. Kijani kibichi, macho mawili yasiyosikilizana. Mama mkwe anampenda kuliko anavyowapenda waume wa binti zake, na hafichi. Akirudi atafungasha aende akakae kwa huyo binti mwaka mzima, na Taratibu hawezi safari ndefu. Atabaki na mmoja wetu, mimi au mwanyumba. Kwa hiyo siku hizi kumi ni mtihani.

Aliacha maagizo manne. Nilisikia moja, la kutomshikashika. Mengine yalinipita maana nilikuwa natazama tundu alilokuja nalo. Wavu wa kuku! Ndani matawi yamechomekwa ovyo. Mimi ni fundi vioo, mwaka wa ishirini na sita huu. Mgeni wa mkwe alale kwenye wavu wa kuku nyumbani kwangu? Labda nife kwanza.

Jumanne, 5 Machi

Nimefunga karakana mapema nikajenga. Kioo cha milimita sita pande tatu, sakafu na mfuniko wa kioo, kona nimeziba kwa silikoni hata mbu hapiti. Matawi nimeyaacha kwenye tundu lao, yanaangusha majani. Badala yake nimemwekea fimbo ya pazia, ile ya chuma inayong'aa. Na ukuta wa nyuma, hapo ndipo penye akili: kioo cha kujitazamia, asije akawa mpweke.

Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Akauliza kama mama yake aliagiza haya. Nikamwambia ubunifu hauagizwi.

Taratibu aliteleza mara tatu kwenye fimbo. Atazoea. Kisha akajiona ukutani. Akavimba, akaachama, akageuka mweusi tii. Nimefurahi mno. Siku ya kwanza tu amenenepa na kuvaa suti.

Jumatano, 6 Machi

Hataki kula. Panzi watatu nimewakamata mwenyewe, kwa magoti, uwanjani, watu wakinitazama. Nikawakatakata, nikawapanga kwenye kisosi, kichwa upande huu, miguu upande ule. Hakuwatupia hata jicho moja, na anayo mawili ya kutupa popote. Bakuli la maji hajaligusa.

Mwanyumba akapita akitoka zamu, sare bado mwilini. Hakuna aliyemwita. Akasema kinyonga hula kinachotembea tu. Hunywa matone kwenye majani, bakuli halitambui. Anataka hewa ipite na matawi ya kukamata. Na ule weusi si suti, ni hofu na hasira: anadhani ukutani kuna kinyonga mwingine anayegombania mahali pake, nikitoe kile kioo. Yote hayo kwa pumzi moja, bila hata kuketi!

Nilimkumbusha kwamba dirisha la choo chake lina ufa tangu mwaka juzi na ameliziba kwa gazeti. Nyani haoni kundule. Akaondoka bila kungoja chai.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeazima wazo moja tu la mwanyumba, la chakula kinachotembea, nikaliboresha. Kumtia hamu kwanza! Nimemfunga panzi mzima kwa uzi, nikampitisha polepole mbele ya nyumba, upande wa nje.

Taratibu akaamka. Macho yote mawili yakaja mbele, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akajikaza, akalenga, ulimi ukatoka wote. Pa! Ukagonga kioo. Akaurudisha ndani kwa shida, kama mtu anayekunja kamba iliyolowa. Akajaribu tena. Pa!

Mke wangu alifunika uso. Mimi nilisimama na fahari yangu. Kiumbe mwenye macho kama yale hakuona kioo! Miaka yote hii hakuna mteja aliyewahi kuusifu usafi wa kazi yangu namna hiyo.

Mara ya tatu hakujaribu. Akafumba macho. Panzi nimemwachia aende zake.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeacha mambo ya mmojammoja. Nimemtilia nyenje arobaini kwa mpigo. Ale anayemtaka.

Kosa si langu, ni la nyenje. Hawana adabu. Walimpanda mgongoni, wakamtambaa usoni, mmoja alikuwa anamtafuna mkia. Taratibu alining'inia kwenye fimbo kwa miguu miwili, akateleza, akaangukia katikati yao. Ilibidi nimtoe kwa mkono, yaani lile agizo moja nililolisikia nalo nimelivunja. Nyenje nusu walitoroka. Nyumba nzima inalia kri kri kri, na watoto hawana mbavu kwa kucheka.

Mwilini ni mwepesi sana. Macho yamedidimia. Hili naliandika hapa tu: naogopa. Yule mama ana kitu kimoja tu anachokisemesha asubuhi tangu mumewe afariki, na kitu hicho kiko sebuleni kwangu, hakinywi maji.

Sijamwambia mtu. Mwanyumba kapiga simu, nimemwambia tunaendelea vizuri kabisa.

Jumamosi, 9 Machi

Ushindi! Nimeingiza kikombe cha maji ya moto humo ndani na kufunika. Kwa dakika tano vioo vyote vikapata ukungu, pamoja na kile cha kujitazamia. Matone yakaanza kuchuruzika. Na Taratibu akageuka kijani! Akanyoosha shingo, akalamba tone ukutani. La pili. La tano. Nilitaka kumbusu mke wangu, akakwepa.

Nani alisema kioo hakifai? Kioo ndicho kimemnywesha!

Nikamwita mwanyumba kwa simu aje ajionee kwa macho yake. Nikachukua kitambaa nikafuta ukungu wote, nikakisugua kwa gazeti kile kioo cha nyuma mpaka kikang'aa, maana mgeni haonyeshwi kazi chafu. Mwanyumba alipofika Taratibu alikuwa mweusi tena, amevimba, anaugeukia ukuta. Nikamwambia amechelewa. Akasema tena, kile kioo. Ana wivu, huyu mtu.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi nimemkuta chini, kwenye sakafu ya kioo. Amelala ubavu. Macho yamefumbwa, na jua lilikuwa limeshapanda. Kinyonga hafumbi macho mchana bila sababu, hata mimi sasa najua hilo.

Nilisema pengine amechoka. Mke wangu hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

"Akifa, mimi simwambii mama," alisema. "Utamwambia mwenyewe. Na utamtazama usoni ukimwambia."

Mkwe hatazamwi usoni. Hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko zote alizoweza kuzifikiria.

Akalitoa lile tundu la wavu kule lilikokuwa, akakata matawi mabichi ya ua, akayasimamisha humo wima na ya kupishana. Akalitundika kibarazani, upepo unapopita, kivuli upande mmoja, jua upande mwingine. Akamweka Taratibu kwenye kitawi chembamba, vidole vikakikamata. Akanyunyizia majani maji kwa chupa ya kupigia pasi. Alikaa pale saa nzima. Nami nilikaa. Tone liliteleza kwenye jani, likafika kwenye mdomo wake, na mdomo ukafunguka.

Machozi yalinitoka, sikatai. Silikoni ina harufu kali.

Jumanne, 12 Machi

Panzi sita tangu jana! Mke wangu anawaachia mmojammoja kwenye majani, na ulimi haukosei hata mara moja. Kijani kabisa. Anatembea kwa kuyumbayumba, hatua moja mbele, nusu nyuma.

Nimemweleza mke wangu kwamba haya ni matunda ya mazoezi ya ulimi ya Alhamisi. Bila kioo asingekuwa na shabaha hii. Akaendelea kunyunyizia.

Mama mkwe anarudi keshokutwa jioni. Mpango wangu uko wazi. Siwezi kumpokea kwa wavu wa kuku, kila mtu atajua nimeshindwa. Keshokutwa mchana, mke wangu akienda sokoni, Taratibu anarudi nyumbani kwake. Saa mbili tatu tu. Sasa ana nguvu.

Alhamisi, 14 Machi

Mama mkwe amekuja mchana. Mchana! Nani anarudi kabla ya saa yake? Alinikuta katikati ya sebule, Taratibu mkononi, hatua mbili kutoka kwenye mfuniko ulio wazi. Mwanyumba alikuwa nyuma yake, amembebea mzigo. Bila shaka.

Taratibu alikiona kioo. Akageuka mweusi kiganjani mwangu, mbele ya wote. Mama mkwe alimchukua, akaupa mgongo ule ukuta, akasubiri. Kijani kikarudi kuanzia kichwani. Kisha akaiangalia nyumba yangu, kona kwa kona, fimbo, silikoni. Aliitazama kwa heshima, hilo siwezi kumnyima.

"Baba, mkono wako ni wa fundi hasa," alisema. "Lakini siku zote hizi mwanangu alikuwa anapigana na mtu ambaye hayupo. Angekufa akipigana naye."

Nilishusha macho. Mkwe hajibiwi.

Taratibu ameondoka na mwanyumba, na tundu la wavu wa kuku juu. Mwaka mzima. Nimewasindikiza hadi njiani nikitabasamu, kisha nimeingia karakana nikafunga mlango. Imeniuma. Nimekaa juu ya ndoo ya lakiri ya kushikizia vioo nikayarudia maneno ya mama, moja baada ya jingine, kwa sababu mama yule hasemi ovyo. Anapigana na mtu ambaye hayupo. Hayupo!

Na ghafla nimeelewa. Kioo kilikuwa upande mmoja tu. Maskini, alikuwa akigeuka kidogo mwenzake anatoweka. Ndiyo maana alikasirika, nani asingekasirika? Anataka mwenzake awepo kila anapogeukia: nyuma, mbele, kushoto, kulia, na juu.

Nimeshakata vipande vinne. Cha tano nakikata kesho. Jumamosi mwanyumba yuko kazini tangu asubuhi, na mkewe, shemeji yangu, hanikatalii kitu.