Jiwe Langu Katika Begi la Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti

Tumeanza! Mimi, mke wangu, na shemeji yangu, kaka yake, ambaye sikumwalika mimi. Njia ya miguu inapita juu ya majabali, bahari iko chini. Siku tano mpaka rasi ya mwisho. Mke wangu anasema mimi ni mtu wa kuanza, si wa kumaliza. Alisema hivyo akiutazama mlango wa kabati la jikoni, niliong'oa mwaka juzi nikauegemeza ukutani. Basi, hii nitaimaliza. Nataka aniangalie kama alivyoniangalia tulipooana.

Njia ina desturi yake. Kila mtembezi anaokota jiwe ufukwe wa kwanza, analibeba, analitupa baharini kule rasini. Huna jiwe, hujamaliza. Mke wangu aliokota kijiwe cheupe, akakitia mfukoni. Shemeji ni mwalimu wa michezo, miguu yake ni nguzo. Akaokota la ukubwa wa ngumi. Mimi nikaokota la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Shemeji akauliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba sisi wauza magodoro hubeba vitu kila siku.

Magodoro ni mepesi, lakini hilo hakuuliza.

Jumanne, 5 Agosti

Kiuno! Magoti! Panda ngazi za mawe, shuka ngazi za mawe. Shemeji yuko mbele anapiga mluzi. Kwenye kona moja mke wangu akasimama, akaniambia nitazame bahari. Nikasema nimeshaiona, ni ileile ya jana. Nilikuwa natania, ila pumzi za kucheka sikuwa nazo. Akageuka, akaendelea na safari.

Godoro la nyumba ya wageni limebonyea katikati. Nikamweleza mwenye nyumba, kitaalamu, kwa kirefu. Akatuhamishia chumba cha nyuma. Huko godoro halina katikati kabisa.

Jumatano, 6 Agosti

Akili ni mali! Asubuhi wenzangu wakinywa chai, nikanyata hadi kwenye korido yalikopangwa mabegi. Nikalitia jiwe langu chini kabisa ya begi la kijani la shemeji, nikalifunika kwa soksi zake. Nitalitoa tukifika. Mwenye nguvu abebe, mwenye akili atembee. Huo si wizi, ni kugawana kazi.

Nikatangulia kabla hawajamaliza chai. Nimetembea kama swala! Nimeimba! Shemeji hakuonyesha dalili yoyote ya kuchoka, mijitu mingine haina haya. Mke wangu alibaki nyuma kutwa nzima. Nikampigia kelele akaze mwendo. Shemeji akanikata jicho. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi mke wangu alishindwa kuinua mkono apige mswaki. Ni fundi cherehani, mkono ndio kazi yake. Shemeji akasema haelewi, maana jana walibadilishana mabegi. Lake ni jepesi, yeye husafiri na shati moja, akampa dada yake, aliyekuwa anaumwa bega, ili bega lipumzike.

Ili bega lipumzike! Chai ikanipalia.

Nikajitolea kuyapanga mabegi upya, mimi mwenyewe, peke yangu. Nilichelewa. Shemeji alikuwa ameshatia mkono kutafuta soksi. Akalitoa jiwe, akaliweka mezani kando ya mkate. Akasema njia ya mwongo fupi. Mke wangu hakufoka, na heri angefoka. Aliniuliza tu kama lilikuwa linanilemea. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini sikumwambia. Akasema angependa zaidi niokote kokoto, nitembee naye. Niliona aibu mpaka mkate ukanishinda.

Leo nimebeba jiwe na begi la mke wangu. Sikuimba.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumefika! Shemeji aliomba anipokee mzigo, nikakataa. Akaomba tena, nikampa begi, jiwe nikabaki nalo. Mara mbili mke wangu alisimama kutazama bahari, na mara zote mbili nikasimama naye. Kweli, si ileile.

Rasini mke wangu alitupa kijiwe chake, shemeji akarusha lake likaenda mbali. Nikarusha langu. Likaangukia ukingoni, karibu na kidole changu cha mguu. Mke wangu akainama, akashika upande mmoja kwa mkono wake mzima, tukalisukuma pamoja. Chubwi! Akacheka, akaniangalia. Kama alivyoniangalia tulipooana! Akasema sasa niape: ujanja basi, uongo basi. Nikaapa mbele ya shemeji, mkono kifuani, kwa moyo wangu wote.

Tulipokuwa tunakula, shemeji akasema mwakani tukapande mlima, ule mrefu wenye barafu. Akaniuliza kama nimewahi kuupanda. Nikausikia mdomo wangu ukisema nimeupanda, tena mara mbili. Mke wangu akauliza lini. Nikasema kabla sijamwoa. Shemeji akafurahi sana, akasema basi mimi ndiye nitakayewaongoza.

Kesho naanza kuulizia uko wapi.