Tofauti Moja Tu, Pale Mwanzo

Jumatatu, 6 Septemba 1999
Keza, binti yangu, iko na malaria. Anatetemeka mpaka kitanda inalia! Na keshokutwa mwalimu Muhire anachukua disketi, huyu ataandika lini? Mwenye programu nzuri anapata kazi ya ofisi. Mwingine anayeitaka ni Vénuste, mutoto wa jirani Claudette. Claudette ameshamununulia viatu vya ofisi. Na matokeo hayajatoka!

Nikauliza Keza, tukikopi ya Vénuste, nani atajua? Akafungua jicho moja. Akasema mama, usijaribu, mwalimu iko na programu ya kulinganisha, ameiandika kwa lugha ya C. Inapanga kazi mbili ndani ya kumbukumbu ya mashini, inaangalia herufi ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Ikikuta tofauti inasimama, inasema si sawa.

Na zenye kubaki? Haziangaliwi, mama, niache nilale.

Yezu wangu! Mashini ya bei ile, muvivu hivi?

Jumanne, 7
Mbugangari, kwa Bizumuremyi, anayechapia watu barua. Vénuste anatumiaga mashini yake, kazi yake iko ndani. Nikapeleka disketi ya Keza na sahani ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Akasema Mama Keza, utanifungisha duka. Akakula. Akamwaga kazi ya Vénuste juu ya yote iliyokuwa kwa disketi ya Keza, akaongeza nafasi moja tupu pale mwanzo. Moja tu!

Jumatano, 8
Mashini imesema SI SAWA! Nikapiga kigelegele kwa dirisha ya darasa.

Bon. Halafu mwalimu akasoma ya Keza kwa macho. Mpaka mwisho! Nani anasomaga mpaka mwisho? Mustari wa mwisho akausoma kwa sauti: Imeandikwa na Vénuste, asante mama. Claudette akalia kwa furaha. Mi nikakosa pa kuweka uso.

Nyumbani Keza hakupiga kelele. Aliuliza tu kazi yake iko wapi. Aliimaliza tangu Ijumaa. Ilikuwa kwa disketi ile ile.

Mana yangu! Nimeifuta mimi!

Alhamisi, 9
Nimepiga magoti kwa mwalimu. Nikasema kosa ni langu, mutoto alikuwa na homa. Akasema bon, aje kesho, aandike upya mbele yangu.

Ijumaa, 10
Ameandika yote, jasho inamutoka. Programu inaenda! Kazi watagawana, asubuhi Vénuste, mchana Keza. Keza ameniapisha nisiguse disketi tena. Nimeapa, nimelia, tumekumbatiana.

Lakini nusu siku? Mutoto yangu?

Nimepita kwa Bizumuremyi. Nikamuuliza, kazi ingine ikitangazwa, tukikopi tena, tukibadilisha mwanzo na mwisho? Akaacha kutafuna. Akasema Mama Keza, katikati nani anaangalia!