Gari la Osewe Lapanda Ekerenyo

Osewe alimwona Nyanchera akishuka kwenye pikapu yake mpya pale sokoni Daraja Mbili, mjini Kisii, na papo hapo akaipenda pikapu hiyo kama mtu anavyompenda mchumba wa mwenzake.

Tumtendee haki: Osewe hakuwa mwizi. Aliuza ahadi tu, na wiki hiyo ahadi ilikuwa gari la umeme, jekundu, lililong'arishwa mpaka kuku wakawa wanajitazama. Betri ilikuwa imezeeka. Kioo mbele ya usukani kilisema chaji ni asilimia mia, wala hakikudanganya. Ilikuwa mia ya kile kilichobaki. Debe lililobonyea nalo hujaa, ila halibebi maji ya debe zima.

"Mama, petroli inakumaliza," akasema. "Tubadilishane. Hili linaenda kilomita mia tatu kwa chaji moja."

"Mia tatu!" Nyanchera akashika shavu. "Basi kwangu Ekerenyo litafika?"

Osewe akacheka. Ekerenyo ni kilomita kama arobaini, na yeye akiwa peke yake, polepole, gari lilimudu hamsini. "Likizimika kabla ya mlango wako, mama, ni lako bure!"

"Mbuya mono. Vizuri sana. Andika."

Akaandika kwa mbwembwe, akatia sahihi yenye mikia miwili. Obwocha, muuza mitumba wa karibu, akawa shahidi.

Ndipo Nyanchera akawaita dada zake. Wakaja watatu, wanawake walioshiba vizuri, wakiimba nyimbo za kanisa. Nyuma yao ikaja mikungu sita ya ndizi.

"Mama, hatukusema mizigo."

"Karatasi imekataza?"

Karatasi haikukataza. Wakapakia, Osewe akashika usukani.

Walipofika Nyamira mjini, chaji ilikuwa thelathini. Osewe akazima feni. Akazima redio. Kilima kilipoinuka akaizima hata aibu. "Akina mama, imbeni kwa sauti ya chini, betri inachoka!"

Wakaongeza sauti ya pili na ya tatu.

"Basi shukeni mtembee kidogo. Ni afya!"

"Uliandika gari litatufikisha," Nyanchera akasema, "hukuandika miguu."

Tisa. Nne. Osewe akasali Kikatoliki, akasali Kisabato, akachanganya. Mbili. Wakamaliza kilima cha mwisho, na kilomita moja kabla ya mlango, kwenye tambarare katikati ya majani chai, gari likapumua kama mzee anayekaa kitini, likanyamaza.

Nyanchera akaikunjua karatasi taratibu.

"Chukua," Osewe akasema, jasho likimtiririka. "Lakini niambie, mama, gari lisilofika kwako utalifanyia nini?"

"Nani alitaka gari? Nina mashine ya kuangulia vifaranga. Stima ikipotea, mayai yanaharibika. Fundi Bravin, aliyelipima gari lako, aliniambia betri yako imebaki robo. Kwa barabara, robo ni aibu. Kwa mayai yangu, nikiichaji nyumbani, hiyo ni siku mbili nzima za joto."

Osewe akatazama mbele, akatazama nyuma. Lori la majani chai lilikuwa limesimama hapo likipiga honi kama harusi. Tumbo la Osewe nalo, kwa njaa, likapiga honi yake.

"Kuna chakula huko kwako, mama?"

"Kuna ugali wa wimbi, mboga na kuku. Sukuma, mwanangu."

Nyanchera akahamia kwenye usukani, dada zake wakaanza wimbo mpya, na Osewe, mjanja wa mji mzima wa Kisii, akainamisha mgongo akaupeleka mzigo mlangoni kwa mwenyewe.