Truite Mmoja kwa Ajili ya Séphora

Jumanne, 7 Agosti 2001. Kipese.

Na bado nasema nilikuwa na haki. Askari wa barrière, kizuizi cha njiani, akimuuliza mke wa mtu jina lake, tena huku anatabasamu, mume afanye nini? Ahesabu magunia? Nilimjibu mimi. Nikasema anaitwa Madame, na jina la familia ni Ya-Wenyewe. Bunduki ikashuka begani. Abiria wote wa lori wakanitazama kama vile mimi ndiye niliyeleta vita Kongo.

Séphora wangu (wiki tatu na siku mbili za ndoa!) akashuka. Akasema kwa upole kwamba anaitwa Séphora, binti ya Abdias wa Kipese. Akampa askari karanga zake zote. Tukapita. Karanga zile nilimnunulia mimi, Butembo, kwa mapenzi! Sasa zimo mdomoni mwa askari.

Tumefika jioni. Baridi ya hapa inauma masikio. Kesho familia yote inapanda mlimani, kwenye maziwa mawili madogo, kulala huko hadi Jumapili na kuvua truite. Ni samaki wa Wazungu. Mbelgiji mmoja wa shamba la pareto aliwaleta kabla ya uhuru, na baba mkwe wangu, Tata Abdias, alikuwa mpishi wake. Akajifunza kuvua kwa namna yao: bila wavu, bila mnyoo, ila ndoano iliyofungwa manyoya ya jogoo mpaka ifanane na inzi. Zamani familia ilipanda kila Agosti. Vita imewazuia miaka miwili. Mwaka huu wamesema basi, tunapanda.

Tata Abdias alikuwa amekwisha sikia habari za barrière. (Dereva! Mdomo kama redio!) Akaniuliza taratibu kama mukwe wake yuko tayari kwa sharti moja dogo. Nikasimama mbele ya wote. Nikasema sharti lolote, tata, kwa ajili ya Séphora ningevua hata kiboko! Ndipo akalitaja. Nikimshika truite mmoja kwa inzi wa manyoya kabla ya Jumamosi jioni, narudi Butembo na mke wangu. Nisipomshika, Séphora anabaki kwa mama yake hadi mwisho wa mwezi. Akasema samaki yule anamkimbia mtu mwenye moto kichwani, na askari wa njiani hakimbii, anapiga. Anataka kwanza aone kama naweza kutulia.

Samaki mmoja! Siku nne! Nimelala nikitabasamu.

Jumatano, 8 Agosti. Ziwani.

Uzuri ulioje! Ukungu, maji meusi, umande kwenye nyasi, na Séphora ndani ya sweta nyekundu. Nilimwambia anafanana na asubuhi yenyewe. Akasema nirudi nyuma, kivuli changu kiko juu ya maji.

Hakuna aliyeniambia kwamba kuna Paulin. Paulin! Mrefu. Meno yote. Muuguzi wa dispensari ya Kipese. Nikauliza ni nani katika familia. Tata Abdias akasema ni mtoto wetu. Mama mkwe, Mama Kyakimwa, akasema ni mtoto wa kanisa. Séphora akasema ni kaka. Majibu matatu kwa mtu mmoja! Na kwenye kofia yake amechomeka inzi kumi na mmoja, wote kazi ya vidole vya mke wangu. Nimehesabu mara mbili. Mimi hajanifungia hata mmoja.

Paulin ndiye aliyepewa kazi ya kunifundisha. Fimbo ya mwanzi, ndefu. Unarusha uzi nyuma, unasubiri, ndipo unaurusha mbele. Kusubiri! Nani anaweza kusubiri wakati mke wake anachekeshwa na watu? Nikarusha bila kusubiri. Paulin akauliza: "Shemeji, weye unavua samaki ama unafukuza kima mu mahindi?" Séphora akacheka mpaka akakaa chini. Kicheko kile! Nilidhani ni changu peke yangu.

Saa tisa Paulin alisinzia kidogo, kofia juu ya jiwe. Nikaiazima. Nikachagua inzi mwekundu, mzuri kuliko wote, nikamfunga kwenye uzi wangu, nikarusha kwa nguvu zote za ndoa. Hakufika majini. Aliingia kwenye tako langu la kushoto.

Aliyemtoa ni Paulin. Mimi nimelala kifudifudi kwenye majani, Tata Abdias anatoa maelekezo, Mama Kyakimwa amegeuza uso kuelekea mlimani kwa heshima. Paulin akasema ni samaki wake mzito kuliko wote wa mwaka. Lakini Séphora alinishika mkono robo saa nzima. Robo saa! Naandika haya nimesimama. Nina furaha kuu.

Alhamisi, 9 Agosti.

Tata Abdias ameshika wawili. Mama Kyakimwa mmoja, tena huku anasonga ugali. Séphora watatu. Yule mkubwa alimshika kwa mikono miwili, akamgeuza juani tuone upinde wa mvua ubavuni mwake, akambusu puani, akamrudisha majini. Mimi sijawahi kubusiwa puani. Nimemwangalia samaki yule akienda. Nitamtambua.

Tatizo ni Paulin. Akiwa karibu, mkono wangu unakauka. Donc basi, mpango. Asubuhi nilishuka kuokota kuni, nikarudi nikihema, nikamwambia nimekutana na mtu njiani. Ametoka Luofu. Anamuulizia Paulin. Anamngoja dispensari. Kwa nini Luofu? Hivi hivi tu. Ni mbali, na ndilo jina lililonijia.

Paulin hakuchukua hata sweta. Aliteremka mlima mbio. Kofia ikaanguka, hakurudi kuiokota. Nikajipongeza: mpango mwepesi, matokeo ya haraka! Siku nzima nikavua kando ya mke wangu, nikimnong'oneza maneno matamu. Akasema ninyamaze, samaki wanasikia. Sikushika kitu.

Amerudi jioni, matope hadi magotini. Hakumkuta mtu. Hakula. Nikamuuliza Séphora kwa nini huyu bwana amenuna hivyo, kwani ni mara ya kwanza mtu kukosa mgeni? Ndipo akaniambia. Paulin ni mtu wa Luofu. Siku vita ilipofika kwao, kila mtu alikimbia na njia yake. Alifika Kipese bila viatu, Tata Abdias akamchukua. Mama yake na mdogo wake hajasikia habari zao hadi leo. Huu ni mwaka wa nne.

Nikajisikia mdogo kama sambaza, kidagaa cha ziwani. Kweli kabisa. Niliinuka niende kusema. Kisha nikaona Séphora anafuta machozi. Kwa ajili ya Paulin. Mawili jicho la kushoto, moja la kulia. Nikakaa tena.

Ijumaa, 10 Agosti.

Paulin alinijia mapema, kabla ya chai. Akaongea kwa sauti ya chini, kwa heshima, shemeji hapa shemeji pale. Mtu yule alikuwa mrefu? Nikasema wa kadiri. Alikuwa amevaa nini? Ningeweza kusema sikumbuki! Ni neno fupi! Lakini mdomo wangu ukasema koti la kahawia. Paulin akafumba macho. Akasema mdogo wake alikimbia amevaa koti la kahawia.

Mais lakini, nani hana koti la kahawia katika milima hii?

Saa mbili alikuwa amekwisha amua. Kesho anashuka Luofu kwa miguu. Mama Kyakimwa akapiga kelele: njia ile ina watu wa bunduki, juzi wachuuzi wawili walipita na hawakuonekana tena. Tata Abdias akasali kwa sauti, sala ndefu, yenye mashauri mengi kwa Paulin ndani yake. Paulin akajibu baada ya amina: "Mama, ni ndugu yangu. Nibaki hapa nakula samaki?"

Naandika ukweli, maana hili daftari ni langu. Nusu yangu iliogopa. Nusu nyingine ilikuwa inapiga hesabu: Luofu, kwenda na kurudi na kutafuta. Wiki nzima bila Paulin.

Mchana nilirusha mpaka bega likafa ganzi. Truite mmoja aliruka mbele yangu, akanitazama, akarudi ndani. Sikupenda macho yake. Jioni nikajaribu mnyoo. Mmoja, mdogo, chini ya manyoya, nani angeona? Tata Abdias alipita, akanusa ndoano yangu. Akautoa mnyoo kwa vidole viwili, akauchimbia shimo, akaufukia, akavua kofia.

Jumamosi, 11 Agosti.

Siku ya mwisho. Mvua nyepesi tangu asubuhi.

Saa nne nilikuwa peke yangu kwenye mwamba wa ziwa la juu. Sikulala vizuri. Mkono ulikuwa umechoka hata ukasubiri wenyewe. Uzi ukaenda nyuma, ukatulia, ukaja mbele mrefu, umenyooka. Inzi akatua bila sauti. Maji yakafunguka.

Niko naye! Fimbo imepinda mpaka inalia! Nikamwona akigeuka, mkubwa, ubavu unawaka rangi ya waridi. Nikaona nyumba yetu ya Butembo. Nikaona Séphora anapuliza makaa, anageuka, ananiita chai iko tayari. Nikamvuta taratibu, nikamwachia, nikamvuta tena, yote niliyofundishwa. Alikuwa amebaki hatua tatu kutoka ukingoni. Tatu!

Ndipo nikainua macho. Ng'ambo ya ziwa, Paulin na mfuko mgongoni, anaaga. Séphora amemshika mikono. Yote miwili. Anatikisa kichwa, analia, hamwachii.

Sikufikiri. Nikapiga kelele mpaka mlima ukanirudishia: "Mwachie! Hakuna mutu wa Luofu! Nilidanganya! Hakuna koti!"

Mikono yangu ilipanda pamoja na sauti. Uzi ukakatika. Samaki akaenda na inzi wake.

Mvua tu juu ya maji. Paulin akauweka mfuko chini, akaukalia, akafunika uso kwa kofia. Tata Abdias akaenda kukaa kando yake kwenye nyasi zenye maji, yeye mzee wa baridi yabisi.

Séphora akalizunguka ziwa, akanijia. Nilijua ni kofi. Akanitazama. Akasema: "Josaphat, umeokoa mutu sababu ya wivu. Sijui nikukumbatie ama nikusukume mu maji."

Nikasema la kwanza.

Akanisukuma.

Jioni nilikwenda kwa Paulin natetemeka, nikaomba msamaha. Akanipa blanketi lake. Akasema kwa siku mbili alikuwa na ndugu tena, na leo amempoteza mara ya pili, kwa hiyo nisimharakishe. Sharti la Tata Abdias halikubadilika. Nilieleza kwamba nilikuwa naye hatua tatu, kila mtu aliona fimbo. Akasema fimbo haikaangwi.

Séphora anabaki hadi mwisho wa mwezi. Alinifungia viazi vya njiani. Hakunibusu, lakini alinifunga vifungo vya koti, vyote sita, tena polepole. Nimehesabu.

Jumapili, 12 Agosti. Butembo.

Lori la vitunguu. Nyumba baridi. Chai nimeipika mwenyewe, imekuwa supu. Kitanda kina mito miwili. Nimelala katikati ili wa kwake usijione umeachwa.

Alhamisi, 16 Agosti. Butembo.

Barua! Imeletwa na mama muuza vitunguu, ndani ya kitambaa, inanuka vitunguu na mapenzi! Séphora anaandika kwamba hasira imepungua. Ananikumbuka. Tarehe thelathini na moja atashuka na baba yake. Ananiomba jambo moja tu, amelipigia mstari: nikae nimetulia, nisibuni kitu chochote. Halafu habari za Paulin. Anakula vizuri, ameanza kucheka, amepanda nao ziwani mara mbili, ananisalimu. Nimehesabu mistari. Paulin ana minne. Mimi nina mitatu.

Basi nimekaa nikatafakari kwa unyenyekevu. Na somo nimelielewa kabisa. Kosa langu halikuwa kudanganya. Kosa lilikuwa kudanganya kwa habari ya huzuni! Mtu mpweke kama yule anahitaji habari njema. Akiwa na mchumba, atakuwa na wa kumfungia inzi, na vidole vya mke wangu vitapumzika.

Binamu yangu Jemima ana miaka ishirini na mbili. Anafundisha shule ya msingi hapa mjini. Hana mchumba. Anapenda wauguzi, nadhani. Nimemwandikia Paulin kwa jina la Jemima, mwandiko wa kulala upande, na tone moja la manukato ya Séphora kwenye kona ya karatasi. Mama wa vitunguu anarudi Kipese kesho, ataipeleka. Jemima mwenyewe hajui bado. Nitamwambia Jumapili baada ya ibada, akishiba. Na kwa kuwa msichana wa heshima hasafiri peke yake nyakati hizi, lazima ndugu, yaani mimi, amsindikize, na ndugu huyo hawezi kurudi siku ileile. Nani atasema hapo kwamba nimevunja sharti?

Nimeisoma barua mara tatu. Nzuri mno! Nimeshikwa na wivu kidogo kwamba Paulin ndiye atakayeipokea. Inamalizika hivi: "Kaka Paulin, usinijibu, naona haya, wala usimwonyeshe mtu. Nitakuja mwenyewe Kipese kukuona kabla mwezi huu haujaisha. Wako, Jemima."